Kamba hukatikia pabovu

Juma hili nataka tuzungumze habari za kompyuta, lakini tafadhali usigeuze ukurasa. Nitaanza na korosho, nitapita kwenye karanga, na hizo kompyuta tutazikuta njiani.

Msimu uliopita mama yangu mdogo, mwenye mikorosho yake huko juu upande wa Newala, alipeleka magunia kwenye chama cha msingi kama afanyavyo kila mwaka. Magunia yakapimwa, akapewa karatasi yake, mzigo ukateremshwa ghala kuu, ukauzwa mnadani. Majirani zake wakalipwa. Yeye hakulipwa. Akangoja juma la kwanza, la pili, la tatu, kisha akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "wewe unasema redioni kila juma. Hebu niulizie hela zangu zimekwama wapi."

Nikaenda. Kwenye chama kijana akafungua kompyuta, akanionyesha jina na kilo. "Kwangu iko sawa, kaka." Ghalani nikaambiwa mzigo ulipokelewa, ukatoka, hati ipo. "Kwetu iko sawa." Ofisi iliyoandaa malipo ikasema orodha ilikwisha kwenda benki. Kwao pia sawa. Benki binti mmoja mpole akanieleza kwamba walilipa kila jina waliloweza kulilipa. "Kwetu hakuna tatizo, baba."

Siku mbili, milango minne, na hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alikuwa ameifanya kazi yake mpaka mwisho. Hata hivyo mama mdogo alikuwa hana hata senti.

Mwishowe ikaonekana kwamba jina lake kwenye orodha ya chama lilikuwa na herufi moja zaidi kuliko jina lililo kwenye akaunti yake. Mfumo wa benki ulilikataa jina, ukarudisha ujumbe wa kukataa, na ujumbe ule ukaenda kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuusoma. Sitaji chama wala benki, kwa sababu shida yenyewe si ya mtu mmoja, na ndiyo maana naileta hapa.

Nilimsimulia kisa hiki kijana mmoja wa hapa mjini ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mzee, huo ni ugonjwa wa maikroservisi." Nikamwambia akae chini anieleze.

Maikroservisi, ndugu zangu, maana yake ni huduma ndogo ndogo. Ni namna ya kujenga programu kubwa ya kompyuta kwa kuigawa katika programu nyingi ndogo, kila moja na kazi yake. Ili uone tofauti yake na namna ya zamani, shuka pwani ya Mikindani au Msimbati uangalie vyombo.

Utaona mtumbwi wa gogo moja. Fundi amechukua mti mmoja, pengine mwembe, akauchimba. Mtumbwi huo hauna maungio, kwa hiyo hauna pa kuvujia. Ni mwepesi kuutengeneza na mtu mmoja anaujua wote kwa macho. Lakini una ukubwa wake wa mwisho, nao ni ukubwa wa mti. Na ukipasuka, umepasuka wote. Kando yake utaona jahazi. Hilo limejengwa kwa mbao nyingi juu ya mataruma. Ubao mmoja ukioza, fundi anaung'oa na kutia mwingine, chombo kikaendelea na safari. Linaweza kuwa kubwa kuliko mti wowote. Lakini kati ya ubao na ubao pana mwanya, na kila mwanya lazima ukalafatiwe kwa pamba na mafuta, tena si mara moja. Jahazi lisilokalafatiwa linazama hata kama mbao zake zote ni nzima.

Programu za gogo moja ndizo tulizozizoea tangu kompyuta zilipoingia maofisini. Programu ile ile inaandikisha wateja, inapiga hesabu, inapokea malipo, inachapa stakabadhi na kutunza kumbukumbu zote katika daftari moja kubwa. Ofisi ikiwa ndogo, hakuna njia bora kuliko hiyo. Ofisi ikikua, mambo yanaharibika. Ukitaka kubadili sura ya stakabadhi tu, unagusa programu nzima. Kosa dogo kwenye uchapaji linasimamisha upokeaji wa fedha. Mafundi wakifika 100, kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

Katika mtindo wa huduma ndogo ndogo, kuandikisha ni programu yake, hesabu programu yake, malipo programu yake. Kila moja ina daftari lake na inaweza kusimamishwa, kutengenezwa na kuwashwa tena peke yake. Ikihitaji jambo kwa mwenzake, inapiga hodi mlango wa mbele na kutoa ujumbe ulioandikwa kwa namna waliyokubaliana. Ni marufuku kuzunguka nyuma na kuingia jikoni kwa mwenzio.

Sasa, ndugu msomaji, sisi watu wa Mtwara hatuhitaji kusafiri mbali ili tuone gogo moja lililopasuka. Mji wetu ulizaliwa nalo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, akatoa wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Tume iliyoongozwa na John Wakefield ikaja kutazama ardhi, ikarudi na sifa. Serikali ya chama cha Labour, ambayo Waziri wake wa Chakula alikuwa John Strachey, ikaupokea mpango huo kwa mikono miwili. Zilitakiwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake hapa Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ndiyo iliyowekewa tumaini kubwa, na kwa ajili yake ikaamuliwa zijengwe reli na bandari ya kina kirefu Mtwara.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kila sehemu ya mpango ilikuwa imefungwa kwenye sehemu nyingine. Matrekta yalingoja vipuri, vipuri vikangoja meli, meli zikangoja nafasi katika bandari ya Dar es Salaam iliyojaa mizigo. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta na bado miti ikavishinda. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu, na mvua haikusoma ratiba ya London. Reli na bandari za huku kusini zilikuwa zinajengwa kwa mahesabu ya mavuno ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Mnamo Januari 1951 mpango ukaachwa. Zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi za wakati ule.

Wengi tumesimuliwa kisa hiki kwa kuwacheka Waingereza. Lakini nataka utazame vizuri kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu hakuna anayekiangalia.

Reli ya Jimbo la Kusini ilianza upande wa Lindi kwenda Nachingwea mwaka 1949, baadaye ikafikishwa Mtwara. Njia yake ilichorwa kufuata shamba. Shamba lilipokufa, mzigo uliobaki haukutosha kuilisha, na mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari nayo ilikuja kukamilika karanga zikiwa zimekwisha kuzikwa. Kwa mahesabu ya mpango, ilistahili kufa pamoja na reli. Haikufa. Korosho zilipita hapo na zinapita mpaka leo. Baadaye ikapitisha mizigo ya saruji, na katika miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma.

Kwa nini bandari iliishi? Kwa sababu gati haliulizi ndani ya gunia mna nini. Meli inafunga kamba, mzigo unapimwa, mzigo unapakiwa. Yeyote anayefuata utaratibu huo anahudumiwa, awe wa karanga au wa korosho. Bandari ilikuwa na kazi moja inayoeleweka na mlango ulio wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mpango uliouzaa ulipoanguka, yenyewe ilibaki imesimama. Hiyo ndiyo sifa wanayoitafuta watu wa kompyuta wanapoigawa programu yao.

Nao walianza kuitafuta zamani. Mwaka 1972 mtaalamu David Parnas aliandika jinsi ya kuigawa programu ili kila kipande kifiche mambo yake ya ndani na kionyeshe wengine yale tu wanayoyahitaji. Mwaka 1973, katika maabara ya Bell huko Marekani, mfumo uitwao Unix ulipata njia ya kuunganisha programu ndogo ndogo, moja ikimimina kazi yake kwa nyingine kama maji kwenye mfereji. Wazo hilo lilikuwa la Doug McIlroy, na msingi wake ni kwamba programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri.

Miaka ikapita, intaneti ikaja, na makampuni yakawa makubwa kuliko programu zao. Mwezi Agosti 2008 kampuni ya Netflix, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwapelekea wateja wake filamu za diski kwa posta, iliharibikiwa na daftari lake kuu la kumbukumbu. Kwa siku 3 haikuweza kupeleka diski. Wakubwa wake wakaamua kuliacha gogo moja na kujenga upya kwa vipande vingi juu ya kompyuta za kukodi. Kazi hiyo iliwachukua mpaka Januari 2016. Hapo katikati jina nalo likapatikana. Mafundi kadhaa waliokutana karibu na Venice nchini Italia mwezi Mei 2011 walianza kulitumia neno maikroservisi, na mwezi Machi 2014 James Lewis na Martin Fowler wakaandika makala iliyolieneza dunia nzima.

Baada ya hapo ikawa kama kitenge kipya mjini. Kila kampuni ilitaka kishonwe kwake, hata isiyo na haja nacho. Na hapo ndipo mianya ilipoanza kuvuja.

Hebu tupige hesabu ndogo pamoja. Chukua huduma moja inayofanya kazi vizuri siku 99 katika siku 100. Utaisifu. Sasa chukua huduma 10 za namna hiyo, zipange mstari, na useme malipo ya mkulima hayakamiliki mpaka zote 10 ziwe zima. Siku ambazo zote zitakuwa zima kwa pamoja ni kama 90 tu katika 100. Zikiwa 30, zinabaki kama 74. Hakuna hata moja iliyo mbovu, na bado mkulima anarudi nyumbani mikono mitupu siku 26 katika kila 100.

Tena kuna balaa la kungoja. Ndani ya gogo moja, ukiuliza unajibiwa. Kati ya programu mbili zilizo mbalimbali, unaweza kuuliza na usisikie kitu. Je, swali halikufika? Au lilifika, kazi ikafanyika, lakini jibu likapotea njiani? Wewe mwenyewe umepata kutuma fedha kwa simu, skrini ikaganda, ukajiuliza kama ubonyeze tena. Ukibonyeza, labda utalipa mara mbili. Usipobonyeza, labda hujalipa. Mafundi wazuri huupa kila muamala namba yake, ili ujumbe ule ule ukija mara ya pili mfumo useme, "Huyu nimekwisha kumhudumia." Huweka pia kitu kama fyuzi ya nyumbani, ili huduma moja ikizidiwa, nyingine ziache kuipigia hodi mpaka ipumue, badala ya kuikanyaga wakaanguka wote. Hiyo ndiyo kalafati ya jahazi. Inagharimu fedha na watu, na haionekani kwenye picha ya uzinduzi.

Wengine walipoiona gharama hiyo wakarudi walikotoka. Mwaka 2023 mafundi wa huduma ya filamu ya Amazon walieleza kwamba mfumo wao mmoja wa kukagua ubora wa picha, uliokuwa umegawanywa vipande vipande, waliurudisha kuwa programu moja, na gharama yake ikapungua kwa asilimia 90. Hawa ni watu wa kampuni ile ile inayokodisha kompyuta za kuendeshea vipande hivyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kugawa ni maendeleo na kuunganisha ni ushamba. Inategemea chombo na safari.

Turudi kwetu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara mwaka 2007. Ukiutazama kwa macho ya fundi wa kompyuta, huo ulikuwa maikroservisi ya karatasi kabla jina halijazuliwa. Chama cha msingi kinapima. Ghala linatunza. Chama kikuu kinanadi. Benki inalipa. Kila mmoja ana kazi yake na daftari lake, na kati yao inapita hati. Msimu wa 2024/2025 minada ikahamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ni hatua nzuri, maana bei inaonekana wazi. Lakini umeongezeka ubao mmoja kwenye jahazi, na kila ubao unakuja na mianya yake miwili.

Serikali nayo imepita njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2017 tuna lango la malipo ya Serikali, lile linalotupa namba ya kumbukumbu ambayo sote tunaiita kontrol namba. Faida yake iko kwenye hesabu rahisi. Ofisi 10 zikitaka kupokea fedha kupitia benki 10, kila ofisi ikipatana na kila benki, yanahitajika maungio 100. Ukiweka lango moja katikati, maungio yanakuwa 20. Baadaye Mamlaka ya Serikali Mtandao ikajenga mfumo wa kubadilishana taarifa baina ya taasisi, kwa sababu ile ile. Na kwenye simu, mwaka 2014 makampuni ya Tigo, Airtel na Zantel yalikubaliana wateja wao watumiane fedha, Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya, Safaricom ilipofungua mlango ili programu za watu wengine ziongee na M-Pesa, iliuita Daraja. Jina zuri la Kiswahili, na lina ukweli ndani yake. Daraja ndipo watu wote wanapopita, na ndipo wote wanapokwama.

Tuliliona hilo siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Huduma zilizokuwa zimegawanywa kwa ustadi, kila moja na daftari lake, zikaonekana zote zimelala juu ya kamba mbili zile zile. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Unaweza kuwa na ngalawa 40, lakini kama zote zimefungwa kwenye mti mmoja pwani, ukaguzi wa ngalawa peke yake hautoshi.

Na kujitenga kabisa nako si dawa. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa na umeme wetu wenyewe wa gesi ya Ghuba ya Mnazi, gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, nje ya gridi ya taifa. Gridi ilipozimika huko kwa wenzetu, sisi tulisikia kwenye taarifa ya habari huku feni zinazunguka. Lakini mashine zetu zilipoharibika, hapakuwa na jirani wa kutuazima umeme. Anayejitegemea katika raha hujitegemea katika shida pia.

Je, basi kosa la mama mdogo lilikuwa wapi? Hapa nataka nimlete mtu mmoja wa mwisho. Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika jambo ambalo mafundi wa programu hulirudia mpaka leo. Alisema kwamba watu wanaojenga mfumo huujenga ukafanana na jinsi wao wenyewe wanavyowasiliana. Ofisi nne zisizozungumza zitazaa mfumo wa vipande vinne visivyozungumza. Kompyuta haikuumba ule ufa kati ya chama na benki. Ufa ulikuwapo tangu enzi za daftari na kalamu ya wino. Tofauti ni kwamba zamani karani wa chama alipanda baiskeli akaenda mwenyewe kwa mhasibu, wakapekua pamoja, wakacheka, wakasahihisha. Baiskeli ile ilikuwa kalafati. Tulipoleta kompyuta tukaiondoa baiskeli, na hatukuweka kitu mahali pake.

Kwa hiyo siombi turudi kwenye gogo moja. Nchi yetu ni kubwa na mambo yake ni mengi, hakuna mti wa kutosha kuchonga mtumbwi huo. Mpango mmoja mkubwa wa kila kitu tulikwisha kuuona Nachingwea, na vyuma vyake viling'olewa. Ninaloomba ni mambo mawili, na yote mawili yanawezekana.

La kwanza, kila mzigo wa mkulima upewe namba moja tangu kwenye mizani, na namba hiyo iufuate ghalani, mnadani, benki, mpaka kwenye simu yake. Si namba ya chama, halafu namba ya ghala, halafu namba ya benki, ambazo hakuna awezaye kuzilinganisha. Mafundi wa dunia wanalijua hili. Kampuni ya Google ilieleza mwaka 2010 jinsi inavyoifuata kazi moja kupitia programu zake nyingi kwa namba ya namna hiyo, kwa sababu bila hiyo hata wao wenyewe walikuwa hawajui kazi imekwama wapi. Kama Google inahitaji uzi wa kufuatia, na sisi tunauhitaji.

La pili, awepo mtu mwenye jina na meza ambaye kazi yake si kipande chochote, ila mianya yote. Ujumbe wa kukataa malipo ukirudi, uende kwake. Asiwe na ruhusa ya kusema "kwangu iko sawa" mpaka fedha ziwe mkononi mwa mwenyewe. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na mfumo ambao kila mtu ni nahodha wa ubao wake una wenye mbao wengi na hauna mwenye safari.

Mama mdogo alilipwa siku chache baada ya ile herufi kusahihishwa. Nilipokwenda kumsalimu, tukanywa chai na muhogo, akanishukuru sana. Nilikuwa najisikia mtu wa maana. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya taratibu, "Sasa mwanangu, na yule ambaye hana mtoto redioni?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimeona niwaletee ninyi swali lake. Mpaka juma lijalo, kwaherini.